Kabla Hujampelekea Fundi Laptopu Abadilishe Hadi Diski



Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Laptopu yangu imekuwa nzito mno, fundi kasema tutoe hadi diski ya zamani tuweke SSD, nimpelekee?" Mpelekee. Kwa laptopu ya miaka mingi, sijaona hela inayojibu haraka kama hela ya SSD. Mashine iliyokuwa inakuacha unapika chai wakati inawaka, itawaka kabla hujavuta kiti. Na tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanaunganisha kila kitu safari moja: diski mpya, Windows mpya, biashara imekwisha.

Ila kuna swali la pili ambalo haliulizwi kabisa: mafaili yangu anahamisha nani?

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili anayetaka kubishana aanze mapema. Mafaili anahamisha mwenye biashara. Siyo fundi. Hata awe fundi mzuri, mwaminifu, mtoto wa shangazi yako. Unayahamisha wewe, nyumbani kwako, kabla laptopu haijaingia kwenye begi, na unahakikisha yamefika. Ukishafanya hivyo, fundi afanye yake.

Najua wengi mtasema hiyo ni kazi ya fundi, ndiyo maana tunamlipa. Hapana bwana. Fundi unamlipa abadilishe kifaa. Ukimpelekea fundi cherehani abadilishe mota, hutegemei akutunzie na vitambaa vya wateja ulivyosahau ndani ya droo. Akivitunza ni hisani.

Kuna dada mmoja namfahamu, anauza mashuka na mapazia. Mzigo anachukua Kariakoo, anapiga picha nyumbani, anatuma mikoani kwa basi. Biashara yake kubwa siyo ya rejareja, ni mali kauli: ana akina mama Dodoma, Morogoro, Iringa huko, anawapa mzigo wanauza kwanza ndipo wanarudisha hela. Kila anayedaiwa yuko kwenye Excel, jina, mzigo aliochukua, alicholipa, kilichobaki. Siku ya kubadilisha diski fundi alimpigia simu kabisa, akamuuliza, "Dada, nikuhamishie vitu vyako?" Akajibu, "Ndiyo, vyote."

Sasa hapo kwenye neno "vyote" ndipo palipoharibika. "Vyote" vya fundi ni folda za Documents, Pictures na Desktop, kwenye C. "Vyote" vya dada vilikuwa kwenye D, kwa sababu ile laptopu aliinunua ikiwa imeshatumika na aliyemuuzia alikuwa ameigawa diski vipande viwili, naye akazoea kuweka kila kitu kule. Fundi hakuifungua D. Diski ya zamani akaifuta, akaifunga kwenye mashine ya mteja mwingine jioni ile ile.

Picha za mashuka alipiga upya, ni usumbufu tu. Lakini madeni? Ilibidi ashike simu awapigie wateja mmoja mmoja. Hebu jiweke pale. Unampigia mtu uliyempa mali, unamuuliza kwa upole, "Hivi mama, kwani nakudai shilingi ngapi?" Umeshamwambia huna kumbukumbu. Waliokuwa waungwana walisema ukweli, na Mungu awabariki. Wengine walikata pale walipoona panawafaa, na yeye akawa hana hata mstari mmoja wa kuwaonyesha.

Watu wakisikia kisa hiki wanamrukia fundi. Mimi simtetei kwa kuifuta diski ya mtu bila kuuliza, hilo ni kosa na nitalirudia huko mbele. Lakini kwenye suala la kuhamisha, alimuuliza, akajibiwa. Fundi anapofungua diski yako anaona maelfu ya mafaili yenye majina kama "Book1", "Book1 mpya", "Book1 MPYA KABISA". Atajuaje kwamba la tatu ndilo lenye hela za watu? Wewe mwenyewe wakati mwingine huwa unalitafuta.

Ndiyo maana kazi ya kwanza wala siyo ya kompyuta. Chukua kalamu na karatasi, kaa chini, uandike: kama laptopu hii ikiibiwa usiku wa leo, kesho asubuhi nitashindwa kufanya nini? Usiandike mafaili, andika kazi. Nitashindwa kujua nani ananidai na nani namdai. Nitashindwa kujua oda zipi zimelipiwa hazijatumwa. Nitashindwa kutuma bei za jumla. Nitashindwa kutengeneza risiti yenye nembo yangu. Nitashindwa kumjibu mtu wa TRA. Halafu ndipo mbele ya kila kazi uandike faili lake liko wapi. Utashangaa mahali vitu vyako vinapoishi.

Downloads, kwa mfano. Kila mtu anaichukulia kama jalala, lakini orodha ya bei aliyokutumia msambazaji wako iko mle, nembo uliyotengenezewa na yule kijana wa michoro iko mle, na hujawahi kuzitoa. Recycle Bin nayo, msicheke, nimeona watu wanaitumia kama stoo, kitu "nitakirudisha baadaye". Kuna vile vikaratasi vya njano vya kwenye skrini, Sticky Notes, watu wameandika humo namba za akaunti za wasambazaji na vipimo vya wateja. Vile havikai kwenye Documents. Fungua, nakili maneno yote, uyabandike kwenye faili la kawaida.

Nywila je? Umeingia Instagram, Facebook, barua pepe na benki kwa miaka kwa sababu kivinjari kinakukumbukia. Diski ikitoka, kumbukumbu hiyo inatoka nayo, isipokuwa kama umeingia kwenye kivinjari kwa akaunti yako na umewasha usawazishaji. Kabla ya safari ya fundi, jaribu kuingia kwenye kila akaunti muhimu kwa kuandika nywila kwa mkono. Na hakikisha namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti bado ni zako. Nimeona kurasa zenye wafuasi wengi zinakwama kwa sababu namba ya kurejeshea ni ya laini iliyotupwa zamani.

Halafu kuna mtego wa ikoni, na huu unawanasa hata wasomi. Mtu ana programu ya stoo na mauzo, kwenye Desktop kuna kapicha kake. Anakinakili kile kapicha kwenye fleshi, anaridhika. Kile ni njia ya mkato tu, kama kibao cha barabarani kinachosema "Mwenge". Ukibeba kibao hujabeba Mwenge. Dalili yake ni mshale mdogo pembeni ya ikoni na ukubwa wa KB chache. Programu za namna hiyo data zake ziko kwingine kabisa, na nyingi zina sehemu yake ya kutoa bakapu humo humo ndani ya programu. Toa bakapu kupitia huko, upate faili, ndilo unalonakili. Na uandike jina la programu na namba ya leseni, maana programu zenyewe hazihami kwa kunakili, zinasakinishwa upya.

Tukija kwenye kuhama kwenyewe, tumia Copy. Usitumie Cut. Watu wanapenda Cut kwa sababu inaacha mahali pasafi, lakini unahama, hufanyi usafi. Ukinakili, chochote kikitokea katikati, umeme ukikatika, waya ukilegea, mtoto akachomoa, asili yako bado ipo palepale. Hakikisha betri ina chaji ya kutosha, na kama betri ya laptopu yako ilishakufa kitambo unaishi kwa waya, basi chagua saa ambazo mtaani kwenu umeme huwa haukatiki.

Muda je? Kwa tundu la zamani la USB 2.0 hesabu kama MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 100 inakaribia saa nzima, na picha ndogondogo nyingi zinakwenda polepole zaidi ya video moja kubwa. Matundu ya USB 3, yale ambayo mara nyingi ndani yana rangi ya bluu, yanakwenda mbio kuliko hapo kwa mbali. Usianze kazi hii fundi akiwa anakusubiri mlangoni.

Unanakilia wapi? Hapa nina ugomvi na fleshi. Siyo fleshi zote, zile za bei ya karanga zilizoandikwa TB 2. Nyingi ni GB chache tu zilizodanganywa zionyeshe namba kubwa. Ubaya wake ni kwamba hazikatai. Zinapokea, zinaonyesha majina ya mafaili yote, na siku unayafungua ndani hamna kitu. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza fleshi halafu inasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Nunua fleshi leo, ipime kabla hujaipa dhamana. Na kama una video ndefu inayozidi GB 4 na fleshi inaikataa, haijaharibika, imepangwa kwa mfumo wa FAT32 ambao haupokei faili moja la ukubwa huo. Ikiwa tupu, ipange upya kwa exFAT.

Kwa mwenye uwezo, hadi diski ya nje ni bora zaidi. Lakini moja haitoshi, na hapa ndipo ninapokosana na watu wengi.

Mpiga picha mmoja Mmarekani, Peter Krogh, aliandika kanuni kwenye kitabu chake kuhusu kutunza picha za kidijitali, na tangu hapo watu wa kompyuta wameishika: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na moja kati yake iwe nje ya pale ulipo. Napenda kwamba imetoka kwa mpiga picha na siyo kwa kampuni inayouza diski. Mtu wa picha ndiye anajua uchungu wa picha. Kwako wewe muuzaji tafsiri yake ni rahisi: nakala ya kwanza ni ya kwenye laptopu, ya pili kwenye diski ya nje au fleshi uliyoipima, ya tatu mtandaoni.

"Mimi nina Google Drive, inatosha." Google wanakupa GB 15 za bure, na hizo zinagawanywa kati ya barua pepe zako, Drive na picha zako, na tangu tarehe 1 Juni 2021 hata picha unazozihifadhi kule kwa ubora wa chini zinahesabiwa. Muuzaji anayepiga picha kila mzigo unapoingia anazimaliza haraka sana. OneDrive ya bure ni GB 5. Kwa hiyo mtandaoni weka vile vya juu kwenye orodha yako: madeni, oda, wateja, risiti, nembo. Hivyo ni vyepesi, havili hata bando. Video na picha ziende kwenye diski.

Na mtandaoni peke yake si salama kwa biashara ya hapa kwetu. Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania nzima, pamoja na majirani, intaneti ikawa ya kubahatisha. Yule ambaye orodha yake ya wateja ilikuwa mtandaoni tu, siku ile wateja wake walikuwa chini ya bahari pamoja na zile nyaya.

Lingine la kuangalia: folda inayojisawazisha yenyewe siyo bakapu kamili. Ukifuta faili kwenye laptopu, linafutwa na kule. Kwenye Google Drive linakaa kwenye takataka siku 30, halafu linaondoka moja kwa moja. Anayegundua baada ya miezi miwili hana pa kulalamikia.

WhatsApp siitaji hata kwenye orodha. Kujitumia picha za bidhaa kwenye WhatsApp ukasema umehifadhi, picha inabanwa, ubora unashuka. Siku unataka kuchapisha bango la duka utaiona ilivyo na ukungu. Ukilazimika kabisa, itume kama dokyumenti, siyo kama picha.

Haya, umenakili. Wengi wanaishia hapo, wanapiga mluzi wanaelekea kwa fundi. Mimi nasema bado hujafanya bakapu. Umefanya matumaini.

Mwaka 1998, kampuni ya Pixar kule Marekani walikuwa wanatengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Mtu akaendesha amri ya kufuta kwenye kompyuta zao, na filamu ikaanza kupotea mbele ya macho yao. Wakaenda kwenye bakapu wakiwa hawana wasiwasi, kampuni kubwa ile. Wakakuta bakapu ilikuwa haifanyi kazi sawasawa na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaijaribu. Kilichowaokoa ni kwamba mmoja wa wakuu wao wa ufundi, Galyn Susman, alikuwa amejifungua, akawa anafanyia kazi nyumbani, na nyumbani kwake kulikuwa na nakala. Filamu ikatoka 1999. Kwa hiyo akina mama mnaouza mkiwa na mtoto mgongoni, msidharau kompyuta ya sebuleni.

Kujaribu bakapu ni hivi. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye folda ya zamani, angalia Properties, idadi ya mafaili na ukubwa. Fanya hivyo hivyo kwenye nakala. Zilingane. Halafu chomoa ile diski, nenda kwenye kompyuta nyingine, ya jirani, ya mdogo wako, yoyote, ufungue mafaili yenyewe. Fungua la zamani kuliko yote, fungua kubwa kuliko yote, cheza video hadi katikati, fungua Excel ya madeni ushuke mpaka mstari wa mwisho. Ukiifungulia kwenye laptopu ile ile unaweza kujidanganya, ukadhani unaona nakala kumbe unaona asili, au njia ya mkato ya kwenda kwenye asili.

Haya yote ni kwa diski iliyo nzima, iliyochoka tu. Kama diski yako imeanza kutoa sauti ya tik, tik, tik, au faili linagoma kufunguka, au mashine inaganda ukigusa folda fulani, habari inabadilika. Hiyo ni diski inayokufa. Usiendeshe programu za kuirekebisha, usiipange upya, usisakinishe kitu. Kila dakika inayozunguka ni dakika anayopoteza mgonjwa. Nakili kwanza faili la madeni. Moja. Kisha oda. Kisha wateja. Usibebe folda zima la GB 200 kwa mkupuo ukitegemea itafika mwisho. Na ikigoma kabisa, izime, uipeleke kwa anayejua kuokoa data, siyo kwa kila anayejiita fundi, kwa sababu kila jaribio la kubahatisha linampunguzia yule mjuzi nafasi ya kufanikiwa.

Fundi mwingine atakwambia hakuna haja ya kuhangaika hivi, atakufanyia kloni, yaani anahamisha diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye mpya, unawasha unakuta kila kitu mahali pake. Ni njia halali, mimi sina tatizo nayo. Ila kloni inafanyika kwa kuisoma diski yako ya zamani mwanzo mwisho, na inahamisha na virusi na takataka zilizokuwa zinaipa uzito. Na mtu akikosea mwelekeo, akachukua ile tupu akaimwaga juu ya ile iliyojaa, imekwisha. Kwa hiyo kloni ifanyike baada ya bakapu yako, siyo badala yake. Mimi kama ningeulizwa, ningechagua Windows ipigwe upya kwenye SSD halafu nirudishe mafaili yangu mwenyewe, nikichuja.

Ukifika kwa fundi, maneno ni mawili tu, uyaseme kabla hajashika bisibisi. La kwanza, "Diski ya zamani naondoka nayo." La pili, "Usiifute." Ikiwezekana yaandikwe kwenye risiti. Mafundi wengi waelewa hawana shida na hilo. Wapo wanaohesabu kwamba kifaa kilichotoka ni chao, wanakitumia kwa mteja mwingine, na wengine wanakupunguzia bei kwa sababu hiyo. Kama ni hivyo, sema hutaki punguzo. Diski ile ni bakapu yako ya nne, na ni siri za watu.

Jambo dogo hapo: laptopu nyingi za miaka ya karibuni diski yake inakuwa imefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ikitolewa ikachomekwa kwingine inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida unakuwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha laptopu. Utafute na uuandike kabla, kwenye karatasi, siyo ndani ya laptopu hiyo hiyo.

Najua kuna anayesoma hapa anasema, dada wewe unaongea tu, hela ya SSD yenyewe nimeikopa, hiyo diski ya nje natoa wapi? Nakuelewa, na ndiyo maana nasisitiza diski ya zamani. Kuna vile vikasha vidogo vya kuvalishia hadi diski ya laptopu, unaiingiza, unachomeka USB, imekuwa diski ya nje. Bei yake haifiki hata robo ya diski mpya. Kama uliitoa kwa sababu ilikuwa nzito tu, itakutumikia bado. Kama uliitoa kwa sababu ilikuwa inakufa, hapana, hiyo usiipe dhamana ya kitu chochote. Kwa kabla ya kwenda kwa fundi, azima diski kwa mtu siku mbili. Tunaazimana sufuria za harusi, tutashindwa diski?

Na kwa anayesema biashara yake ni ndogo mno kwa mambo haya: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Kama una TIN, "diski ilibadilishwa" siyo jibu utakalopenda kulitoa ukiwa umesimama mbele ya dawati la mtu.

Basi umerudi nyumbani, mashine inaruka, umefurahi. Diski ya zamani iweke kwenye kabati angalau mwezi mzima bila kuigusa. Mwezi ni kwa sababu kuna mafaili unayoyahitaji mara moja kwa mwezi tu, hesabu za mwisho wa mwezi, kodi ya fremu, marejesho ya kikoba, na hutajua kama umeyasahau mpaka tarehe yake ifike. Laptopu mpya ikishapita mwisho wa mwezi bila wewe kuikumbuka ile ya zamani, ndipo uamue la kuifanyia.

Na hapo usiiuze hivi hivi wala usimpe mtoto aichezee. Mle ndani kuna majina ya wateja wako, namba zao, wanakoishi, pengine na picha za vitambulisho vya wale uliowakopesha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa hizo ni za wateja, wewe umezishika tu. Kufuta na kumwaga Recycle Bin hakuzitoi. Ile format ya haraka nayo haizitoi, inafuta orodha ya yaliyomo tu, mtu mwenye programu ya bure anazirudisha. Kwa hadi diski ya kuzunguka, kwenye Format ondoa alama ya tiki kwenye Quick Format, iache ifanye kazi hata usiku kucha, hiyo inaandika sifuri juu ya kila kitu. Iliyokufa isiyowaka, ifungue utoe yale masahani yanayong'aa uyakwangue na kuyatoboa. Mengine ni ya kioo, kwa hiyo yafunge kwenye kitambaa kwanza na watoto wakae mbali.